Dakika Kumi na Nane za Mugutha

Kwa miaka miwili Bedan na Wakonyo waligombana juu ya jambo moja tu, na jambo lenyewe halikuwa mshahara wala kuchelewa kazini. Waligombania jinsi ya kubana video. Bedan ndiye aliyekuwa mwenye studio, chumba kimoja juu ya mashine ya posho pale Kamenu, Thika, na kazi yao ilikuwa kupiga video za mazishi, ruracio za kupeleka mahari na harusi, kisha kuzibana ziwe ndogo, ziingie kwenye flashi na zitumwe kwa jamaa walio ng'ambo. Yeye alishika kamera. Wakonyo alikaa kwenye kompyuta, na kusema kweli, bila Wakonyo ile studio ingekuwa mahali pa kuchaji simu.

Bedan alikuwa mtu wa kadi ya grafiki. Aliinunua ikiwa imetumika, akaipandisha ngazi ameikumbatia, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia lingine. Kadi ilibana mazishi ya muda wa saa tano kwa nusu saa. Hapo kwake mjadala ulikuwa umekwisha. Wakonyo alikuwa mtu wa prosesa. Prosesa yao ilikuwa ya zamani, pole kupindukia, na ikipewa kazi ilifanya feni ingurume mpaka mtu wa chini akauliza kama kuna shida. Lakini prosesa haikurupuki. Inapitia kila picha, na hata ukiibana video ikawa ndogo kabisa, uso wa mtu unabaki uso. Kadi ukiiambia ibane sana inalipua kazi. Mahali palipotulia huoni tofauti, ila penye vumbi, majani yanayopepea au watu wanaokimbia, inapaka matope tu.

"Nani anaangalia majani kwa matanga?" Bedan alikuwa akimfokea. "Mtu wa Boston anataka kuona jeneza. Anataka kuona nani alilia na nani hakulia. Basi. Zima hiyo ndege yako, tafadhali."

Wakonyo alikuwa akizima, akinung'unika. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenye ulimi, lakini mwenye studio ni mwenye studio. Mume wake aliitwa Kyalo, Mkamba kutoka huko mashariki ya Thika, mtu mtaratibu aliyekodisha hema na viti. Kukiwa na mazishi, Bedan alileta kamera, Kyalo akaleta hema, na nyumba mbili zikapata chakula kwa marehemu mmoja.

Ijumaa hiyo marehemu alikuwa mzee mmoja wa Mugutha, kule Ruiru, aliyeacha wake wawili na shamba moja. Hapo tu ungejua kuna vita. Ngigi alikuwa mwana wa mke mkubwa, Gachau wa mke mdogo, na shamba lilikuwa pale ambapo siku hizi kila mtu anajenga ghorofa. Wakati wa hotuba Gachau alisema, kipaza sauti kikiwa wazi, kwamba kuna mtu alikuwa ameshauza nusu ya shamba baba akiwa bado anapumulia mashine. Hakutaja jina. Watu wote waligeuza shingo wakamwangalia Ngigi.

Kwenye ukoo ule sepeto la kaburi halipokezanwi mkono kwa mkono. Kumpa mtu sepeto mkononi ni kumtakia alale humo. Ukichoka unaliangusha chini, unaondoka, na mwenye zamu analiokota mwenyewe. Kyalo alikuwa amemaliza mambo ya hema, akaona si adabu kusimama mikono mfukoni wenzake wakifukia mtu, akaingia kwenye zamu. Alielezwa desturi mara moja akaishika. Sepeto likianguka mbele yake, aliliokota, akatupa mchanga, akaliangusha, akasogea.

Ulikuwa msimu wa kiangazi na ule udongo mwekundu wa Mugutha ulikuwa umekauka kuwa unga. Gachau alisema neno lingine pale ukingoni, neno juu ya mama yake Ngigi. Ngigi aliokota sepeto. Hakutupa mchanga. Alimpiga nalo ndugu yake shingoni, kwa ule upande wa makali, mara mbili, na mara ya pili Gachau alikuwa tayari anaanguka. Watu mia tatu wakasukumana, wengine wakikimbilia, wengine wakikimbia, vumbi likapanda likafunika kila kitu. Ngigi akaangusha sepeto, kama desturi inavyotaka. Likaangukia miguuni pa Kyalo.

Na Kyalo, ambaye kwa robo saa nzima hakuwa amefanya lingine ila kuokota kilichoanguka mbele yake, akaliokota.

Vumbi lilipotulia Gachau alikuwa chini, kichwa kimekaa vibaya, na kando yake alisimama Mkamba wa hema na sepeto lenye damu. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Ngigi mwenyewe. "Ni huyu! Ameua brother yangu!" Hawakumuuliza Kyalo swali hata moja. Walimpiga kwa mipini ya majembe, kwa mawe, kwa vyuma vya hema lake mwenyewe. Walimvunja mkono, wakamvunja taya, na mtu mmoja alikuwa ameshatumwa kutafuta petroli wakati polisi walipofika wakafyatua risasi hewani. Wakonyo alikuwa nyuma ya hema na kompyuta ya studio, akirusha matangazo ya moja kwa moja. Alifika mumewe akitupwa nyuma ya gari la polisi, na hakumtambua ila kwa soksi.

Lililomuuma zaidi alilijua jioni. Matangazo yale yalikuwa yametoka kwa mkono wake, yamebanwa na kadi mpaka mwisho kwa sababu mtandao wa Mugutha ni wa kubahatisha. Ndani yake ungeona watu, kisha tope la kahawia kwa muda, kisha Kyalo akiwa na sepeto. Kila simu ya Ruiru ilikuwa nayo. Muuaji amenaswa, watu wakaandika, na vile vijipicha vya kidole kinachoonyesha juu.

Kyalo alilazwa hospitali akiwa amefungwa pingu kitandani. Wakili aliyepatikana kwa haraka alimwambia Wakonyo pale kwenye korido, "Sitaki picha. Picha watasema mmetengeneza. Nataka video, kutoka mchanga wa kwanza mpaka watu walipokimbia, bila kukatwa hata sekunde. Ikikatwa watasema mmeshona." Bedan naye alipiga simu. Alikuwa ameangalia kwenye kioo kidogo cha kamera. "Iko, Wakonyo," alisema. "Ngigi anaonekana vizuri. Kuja kesho asubuhi tuitoe."

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi walikuwa studio. Walihamisha zile saa tano kwenye kompyuta, na Wakonyo akaenda moja kwa moja kaburini. Dakika kumi na nane. Watu kumi na wanne waliangusha sepeto na kumi na wanne wakaliokota. Kisha Ngigi, uso wake, meno yake, vumbi likipanda kiunoni, kifuani, na katikati ya vumbi bado ungeona koti lake la suti na mkono ukishuka. Kisha sepeto likianguka. Kisha Kyalo akiinama kuokota, amegeukia upande mwingine, hajaona kitu. Wakonyo alilia kwa sauti. Bedan alimpiga piga begani akasema kilio baadaye, kazi kwanza.

Ndipo wakasikia viatu kwenye ngazi.

Aliingia Ngigi na wanaume wawili, mmoja mrefu, mwingine wa kofia. Yule mrefu alifunga mlango kwa komeo, na kabla ya salamu wala nini Bedan alikuwa amepigwa ngumi ya mdomo na nyingine ya jicho, akakalia mavi yake ya hofu sakafuni. Tusimcheke. Chini mashine ya posho ilikuwa ikisaga mahindi ya watu wa Jumamosi, na mtu angeweza kuchinjiwa juu bila wa chini kuinua kichwa.

"Huyu ni nani?" Ngigi aliuliza akimwonyesha Wakonyo kwa kidevu.

Hakujua kwamba ni mke wa Kyalo. Bedan alitema damu. "Msichana wa kazi," akasema. "Ni wa kubonyeza tu. Hajui kitu, hata hakuwa huko."

Ngigi alivuta kiti akaketi. Alikuwa bado amevaa suruali ya ile suti, vumbi la kaburi la babake kwenye upindo. "Skizeni," alisema kwa upole. "Dada yangu Warigia amelipia video kutoka Dallas. Polisi pia wanajua ilipigwa. Ikipotea, nitaulizwa mimi. So haitapotea. Nataka video yote, mwanzo mpaka mwisho, bila cut. Lakini nataka ikae kama ile ya live. Mnaelewa? Pale kwa vumbi iwe vumbi."

Yule wa kofia alichukua mguu wa stendi ya kamera, ule wa chuma, akampiga nao Bedan kwenye goti. Sauti ya mfupa ilisikika kupita kelele za mashine ya posho.

"Ni kadi!" Bedan alilia. "Ile ya live ilibanwa na kadi. Ukibana sana inaleta hivyo!"

"Basi bana sana. Itachukua muda gani?"

"Nusu saa. Nusu saa tu, boss."

Ngigi alimgeukia Wakonyo. "Umesikia mdosi wako."

Wakonyo alikaa. Mikono ilijua kazi. Alifungua dirisha kubwa la programu ya kubana, akaipa kadi saa zote tano, akaweka ukubwa mdogo kuliko wote, akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Ngigi aliangalia kidogo, akaridhika, akamwambia Bedan atoe memori za kamera. Zilikuwa tatu. Akaziweka mezani na kuzivunja moja moja kwa koleo, polepole, kama mtu anayevunja njugu.

Alikuwa amempa Wakonyo mgongo. Kompyuta ilikuwa na kila kitu bado, lakini Wakonyo hakuwa mjinga, alijua nayo itafuata. Ilibidi zile dakika kumi na nane zitoke ndani ya chumba kile kabla ya chuma kuishukia. Kuzituma zilivyo hakungewezekana, zilikuwa kubwa mno, na mtandao wa Kamenu ungezimeza mpaka kesho. Ilibidi zibanwe ziwe ndogo. Na zikibanwa na kadi ziwe ndogo hivyo, Ngigi angegeuka tope na Kyalo angebaki na sepeto.

Prosesa ingeweza. Alipiga hesabu kichwani, hesabu aliyoijua kwa sababu aliipigania miaka miwili. Dakika kumi na nane, prosesa ile, kazi safi, na kadi nayo ikifanya kazi pembeni. Dakika hamsini. Kisha tatu au nne za kupanda mtandaoni, bila kubonyezwa tena, kwenye folda ambayo wakili alikuwa na ufunguo wake.

Kadi ingemaliza kwa thelathini.

Alibonyeza. Alilificha dirisha la pili nyuma ya la kwanza, na feni ikaanza kunguruma.

"Nini hiyo?" Ngigi aligeuka.

"Ni joto," Wakonyo alisema. "Mashine ni mzee."

Ngigi aliguna. Lakini pale sakafuni Bedan aliinua kichwa. Alikuwa ameitukana sauti ile kila siku ya Mungu. Alijua kadi ina feni zake ndogo, za adabu. Alimwangalia Wakonyo kwa jicho moja, lile lingine likiwa limevimba, na Wakonyo akaona ameelewa. Akaona pia amepiga hesabu ileile na amefika kwenye jibu lilelile. Kisha Bedan akainamisha uso akaangalia sakafu.

Ile nusu saa ilipita vizuri, kama neno hilo linaruhusiwa. Yule mrefu alivuta sigara. Yule wa kofia alipitisha muda kwa kumkanyaga Bedan lile goti lililovunjika, bila hasira, kila aliposonga. Mstari wa kijani ukafika mwisho. Ngigi alisogeza kiti, akaamuru apelekwe kaburini, akatazama. Watu, vumbi, tope la kahawia lenye vipande vipande, kisha Kyalo na sepeto. Alirudisha nyuma mara tatu. Alicheka kidogo.

"Poa sana," akasema. Flashi ikaingia mfukoni. "Haya. Vunjeni hii mashine twende."

Feni ilikuwa ikinguruma. Wakonyo alisimama mbele ya kompyuta bila kujua kwa nini amesimama. Yule mrefu alikuwa ameshaokota mguu wa stendi.

"Kuna memori ingine," Bedan akasema.

Wote waligeuka.

"Kulikuwa na kamera ya pili," Bedan alisema kutoka chini. "Ilikuwa juu ya pickup. Uko hapo, Ngigi, yote yote. Mnadhani mimi ni mjinga?"

Hakukuwa na kamera ya pili. Ilikuwa kwa fundi tangu wiki iliyopita, Wakonyo ndiye aliyeipeleka.

Basi wakaanza. Sitaeleza yote, maana Wakonyo mwenyewe hakuweza kuyaeleza yote baadaye, hata mbele ya polisi. Bedan alisema memori iko kwenye dari. Wakang'oa dari, vumbi na mavi ya panya yakawamwagikia, hawakuona kitu, wakamvunja kidole cha shahada kwa koleo. Alisema iko ndani ya spika. Wakapasua spika zote mbili. Kidole cha kati. Alisema iko chooni chini, ndani ya tangi. Yule wa kofia akashuka, akakaa muda, akarudi amelowa mpaka kiwiko, na amekasirika kwelikweli sasa. Alimpiga Bedan kwa chuma mbavuni mpaka ikawa kila pumzi inatoka na mlio.

Bedan yule aliyekuwa akibishana juu ya bei ya karatasi ya chooni. Bedan mchoyo, mwenye makelele, aliyemkata Wakonyo mshahara wa siku mbili alipofiwa na shangazi. Wakonyo alimwangalia na kumchukia kwa kumfanyia hivyo, kwa kumweka kwenye deni lisilolipika, na akamwomba Mungu ampe uongo mwingine.

Mungu hakumpa. Uongo ulimwishia Bedan. Alibaki anatikisa kichwa tu, mate na damu zikimshuka kifuani, na Ngigi, ambaye hakuwa mpumbavu, akamwacha akamgeukia Wakonyo.

"Wewe," alisema. "Unakaa hapa kila siku. Hiyo memori iko ama haiko?"

Hapo ndipo. Yale mengine yote yalitendwa na watu wengine, lakini hapa palikuwa pake. Angesema haiko, na ilikuwa kweli haiko, wangemwamini. Wangevunja kompyuta, wangeshuka ngazi, na Bedan angefikishwa hospitali na vidole viwili vibovu na goti. Hakuweza kuona dirisha la pili. Feni tu ndiyo iliyomwambia. Ilikuwa ikinguruma.

"Iko," Wakonyo alisema. "Lakini sijui huweka wapi. Hunificha."

Jicho moja la Bedan lilimtazama. Hakukuwa na lawama ndani yake, na hilo ndilo ambalo Wakonyo hakulisamehe kamwe.

Ngigi alichukua mguu wa stendi mwenyewe. Alikuwa na mkono ule, tumeshauona. Alimpiga Bedan begani, akamuuliza, akampiga tena, akamuuliza. Wakonyo alisimama mikono kwenye meza, amegeukia ukuta, na kusikiliza. Chuma. Mashine ya posho. Feni. Aliwahi kuzaa, aliwahi kuzika mama, hakuwahi kutaka kitu kiishe kama alivyotaka feni ile iishe. Chuma kilitua mahali palipotoa sauti tofauti, sauti ya kitu laini, na Bedan hakulia tena.

Feni ikashuka. Ikashuka polepole, ikawa mvumo, kisha haikuwa kitu.

Bado. Bado dakika tatu za kupanda mtandaoni. Wakonyo alihesabu kimoyomoyo, moja mpaka mia mbili, huku nyuma yake Ngigi akimwita Bedan jina lake na kumpiga makofi ya kumwamsha. Alipofika mia mbili akaongeza hamsini, kwa sababu ni mtandao wa Kamenu. Hizo hamsini alizikumbuka zaidi ya zote. Kisha akageuka.

"Haiko," alisema. "Nilikuwa nimeogopa. Hakuna memori ingine, hakuna kamera ya pili. Anasema tu chochote."

Ngigi akampiga kofi lililompeleka mpaka mlangoni, na hilo lilikuwa lote alilopata yeye. Waliivunja kompyuta kwa chuma na kwa viatu, kadi, prosesa, feni, vyote, wakaipeleka diski nzima mashine ya posho ikasagwe, na mwenye mashine akakataa kwa sababu ya mawe yake ya kusagia, wakaenda nayo. Kabla hawajashuka Ngigi alisimama mlangoni akanyoosha shati. "Ukiongea nitajua," akasema, akashuka ngazi kama mteja.

Video ilikuwa imefika. Wakili aliifungua kwenye simu akiwa ndani ya gari, akaegesha kando ya barabara ya Garissa, akaitazama mara mbili. Ngigi alikamatwa Jumapili Ruiru, akiwa katikati ya kamati ya mazishi ya ndugu yake, yeye ndiye mwenyekiti, na wale wawili wakakamatwa usiku huo. Kyalo alifunguliwa pingu Jumanne. Hakuweza kuongea kwa sababu ya taya, alishika tu mkono wa mkewe akaubonyeza. Bedan alikuwa wodi ya tatu kutoka hapo. Hakuamka. Alikufa Jumatano saa nne asubuhi, nesi akimbadilishia maji ya dripu.

Ijumaa Wakonyo alienda kwa Bedan. Uwanja ulikuwa umejaa akina mama wa kanisa, sufuria za chai, viti vya Kyalo. Shiko, mke wa Bedan, alimwona, akamshika mkono, akamwingiza chumbani na kufunga mlango. Hakuwa analia. Alikuwa na simu yake mkononi.

"Mama Mwendwa," alimwita kwa jina la mwanawe. "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, Mama Wamboi?"

"Hiyo kitu. Mimi niko na ile Ngigi alituma kwa group yao, mtu amenitumia. Wewe uko na hiyo ingine. Nataka kuziona zote mbili."

Wakonyo alitoa simu yake. Walikaa kitandani, bega kwa bega, simu mbili magotini, wakaziendesha pamoja kuanzia mchanga wa kwanza. Kaburi, watu, sepeto likianguka, sepeto likiokotwa. Zilikuwa sawa kabisa. Kisha vumbi. Kwenye simu ya Shiko kulikuwa na tope la kahawia. Kwenye simu ya Wakonyo kulikuwa na uso wa mtu. Sekunde tano, labda sita. Kisha zikawa sawa tena.

Shiko alirudisha nyuma, wakaangalia tena.

"Ni hii tu?" aliuliza.

"Ni hii tu."

"Hii yangu ilichukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Na hiyo yako?"

"Dakika hamsini."

Shiko alipiga hesabu, midomo ikisogea kidogo. "Ishirini," akasema. "Na wewe ulikuwa wapi hizo ishirini?"

"Nilikuwa nimesimama hapo."

"Polisi wanasema Ngigi alikuuliza kama hiyo memori iko."

"Aliniuliza."

"Ukasema nini?"

Wakonyo angeweza kudanganya. Walioshuhudia walikuwa jela au mochari. "Nilisema iko," akajibu.

Nje akina mama walianza wimbo, wakaukosea mwanzo, wakaanza tena. Shiko alizima simu yake, akazima na ile nyingine, akamrudishia mwenyewe.

"Mimi ningesema haiko," Shiko alisema. "Skiza, sikudanganyi. Ningesema mara ya kwanza tu aniulize, na bwana yako aozee huko ndani. Nisingefikiria hata mara mbili."

"Najua."

"Kwa hivyo siwezi nikakuambia ulikosea." Alisimama akafunga leso kiunoni vizuri. "Lakini Jumamosi tukimzika usikuje. Kyalo akuje, watu wako wakuje. Wewe usikuje."

Alifungua mlango akaenda kuwapimia watu sukari. Wakonyo alitoka kupitia mlango wa nyuma, lakini pale getini kulikuwa na akina mama watatu waliokuwa wakichambua mchele, na mmoja alimtambua, akasimama, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Tumesikia bwana yako ametoka," alisema. "Mungu ni mwema, mama."

"Amina," Wakonyo alisema, akawapa mkono wote watatu, akaenda zake.